Bandari Iliyotulia Huhifadhi Pia Taka Zetu

Abiria wa feri ya Likoni anajua hali hii: feri imejaa, watu wana haraka ya kufika kazini, lakini lazima isubiri meli kubwa ipite kwanza. Meli yenyewe hupita polepole, maji yakiwa shwari, hata msimu wa upepo wa kusi ambapo mawimbi ya bahari kuu yanapasuka kwa nguvu kwenye miamba ya nje. Umbali kati ya bahari chafu na maji hayo tulivu ni mfupi sana. Kuna nini hapo katikati?

Jibu ni la kale kuliko mji. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, barafu nyingi ilipokuwa imeganda katika ncha za dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120. Mito iliyotoka bara ilichimba mabonde marefu ikiifuata bahari kule chini. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuyajaza mabonde yale. Ndipo zikapatikana hori mbili, yaani mikono ya bahari, zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa: hori ya Tudor upande wa kaskazini, inayopokea mito ya Kombeni na Tsalu, na ile ya Kilindini na Port Reitz upande wa kusini, inayopokea Mwache na mito mingine. Matumbawe nayo hayapendi maji yenye tope wala maji baridi ya mito, kwa hiyo mkabala na mabonde hayo mwamba haukuziba. Ukabaki mlango. Mwamba huvunja mawimbi, mlango hupitisha meli, na kona zilizoko ndani humaliza nguvu ya wimbi lolote lililobaki.

Jina la Kilindini linajieleza lenyewe: kilindi ni mahali penye kina kirefu. Hata hivyo kwa karne nyingi wenyeji hawakukihitaji kina hicho. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni yalitia nanga upande wa pili, mbele ya Mji wa Kale, yakafanya biashara na kungoja kusi iyarudishe kwao. Chombo cha mbao hakihitaji maji mengi. Tena kina faida ya kupwelewa: maji yakitoka, hukaa juu ya mchanga, mafundi wakapata nafasi ya kukikalafati na kukipaka sifa kabla maji hayajajaa. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ilielekezwa kulinda mlango huo wa Mji wa Kale.

Kulijua lango kulikuwa mali. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, akatia nanga nje, akaondoka bila kuingia bandarini. Kule Malindi ndiko alikopata wa kumwongoza kuvuka bahari hadi India. Mpaka leo meli kubwa haziingii Kilindini bila rubani anayeijua njia. (Vijana wanaodhani rubani ni wa ndege tu wakumbuke kwamba neno hilo lilikuwa la bahari kabla ndege hazijaundwa.)

Meli za mvuke ndizo zilizohamisha kazi upande wa Kilindini. Ujenzi wa reli ulipoanza 1896, vifaa vyake viliteremshwa huko, na magati ya kwanza ya maji marefu yalikamilika 1926. Leo shehena ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia hapo.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi wakazi. Maji yanayomsaidia nahodha kulala usingizi ni maji yasiyotoka haraka. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake hukaribia mita 4, kwa hiyo mtu hudhani bahari huzoa kila kitu. Karibu na lango ni kweli. Lakini ndani kabisa, pande za Jomvu na Mikindani, maji mengi huenda na kurudi tu kabla ya kupata njia ya kutoka. Mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni huko huenda ukaonekana tena kesho na keshokutwa.

Tumeshaonjeshwa. Mwaka 1988 tangi la mafuta karibu na Makupa lilitoboka, takriban tani 5,000 zikaingia majini, na mikoko ya pale ikafa. Tuta la Makupa lenyewe, lililounganisha kisiwa na bara, liliyazuia maji ya hori mbili yasikutane. Daraja lililofunguliwa 2022 lilijengwa kwa nguzo ili maji yapite tena chini yake.

Udongo ni hatari isiyoonekana haraka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi hadi hori ya Mwache. Mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya ardhi, na mizizi hiyo ikifukiwa mti hukauka. Mikoko ikifa, hakuna tena wa kuushika udongo wa mvua inayofuata, nao husogea kuelekea kwenye kina. Kuuchimba na kuuondoa udongo baharini ni kazi ya gharama kubwa. Samaki na kamba wachanga wanaojificha kati ya mizizi nao hupoteza makao, na mvuvi wa dau ndiye anayetangulia kuisikia hasara hiyo.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, usafiri wa meli ni wa Serikali ya Kitaifa, na bandari huendeshwa na Halmashauri ya Bandari Kenya. Ukusanyaji wa taka na mitaro ya maji ya mvua mjini ni jukumu la kaunti, na ukweli usemwe, hapo kazi bado ipo nyingi. Mkazi ana sehemu yake: taka za nyumbani zisitiwe mtaroni, hasa kabla ya mvua za masika, na mafuta machafu ya gereji na ya mashine za boti yasimwagwe ufuoni. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, na kuikata bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya ni kosa. Ukiona mafuta yakielea au mikoko ikikatwa, toa taarifa kwa chifu wako au kwa viongozi wa BMU wa ufuo wenu siku hiyo hiyo, kabla maji hayajageuka.