Kichekesho cha Wanawake Wawili

Ndugu msomaji, fikiria uwanja wa kijiji huko Ufipa, mwezi wa Agosti. Mahindi yamekwisha kuvunwa. Upepo wa baridi unavuma. Watu wamekaa kwa duara. Katikati wamesimama wanawake wawili. Mmoja amevaa koti kubwa la kiume na kofia. Amejichora ndevu kwa masizi ya chungu. Mwenzake amejifunga kanga, na mkononi ana ungo.

Bado hawajasema neno, lakini watu wanacheka.

"Mama watoto," anasema mwenye koti kwa sauti nzito, "yale magunia matatu yaliondoka yenyewe usiku. Mimi nilikuwa nimelala."

"Yaliondoka kwa miguu gani, baba watoto?"

"Kwa miguu ya gunia."

Mwenye ungo hamjibu. Anawageukia watu. "Jamani, nani amewahi kuona gunia likitembea? Na mtu huyu nimwambie nini?"

Hapo mchezo umesimama. Utaendelea kwa jibu la watazamaji. Pengine bibi mmoja atapaza sauti: "Mwulize kama yamerudi na chumvi!" Basi mwenye ungo atauliza swali hilo hilo. Mwenye koti lazima atafute jibu papo hapo. Hakuna aliyemwandikia maneno.

Huo ndio mchezo tunaotaka kuueleza leo. Ni kichekesho kisichoandikwa, na kijiji kizima kinakijibu.

SI JAMBO GENI

Sanaa hii si ngeni kwetu. Kila mtu anajua utani. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani hufika hata msibani. Huigiza mwendo wa marehemu na namna alivyokuwa akisema. Wafiwa hucheka huku wanalia. Hawamkasirikii, kwa sababu utani una ruhusa yake.

Mijini nako kulikuwa na vichekesho vya jukwaani. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano vilivionyesha pamoja na ngoma na muziki. Waigizaji walipewa kisa tu. Maneno waliyatunga wenyewe wakiwa mbele ya watu.

KWA NINI WANAWAKE?

Mkoa wa Rukwa ni mmoja wa mikoa inayotoa mahindi mengi sana nchini. Mahindi ndiyo chakula, na mahindi ndiyo fedha. Hata hivyo, nyumba iliyojaza ghala mwezi wa Julai yaweza kukosa unga mwezi wa Februari. Mara nyingi sababu si jua wala wadudu. Sababu ni kwamba mtu mmoja aliuza peke yake, na fedha zikaishia kilabuni.

Jambo hilo ni gumu kulisema. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Lakini mara nyingi wanawake hukaa nyuma, wakanyamaza. Mke akisimama na kusema, "Mume wangu ameuza mahindi bila kuniambia," amemwaibisha mbele ya watu. Atarudi nyumbani na hofu.

Mchezoni ni tofauti. Anayesemwa ni "mwenye koti". Mwenye koti si mume wa mtu. Kila mwanamume anaweza kumcheka bila haya, na baada ya kucheka akajitazama mwenyewe.

MWANAMKE WA PERU

Mchezo wa namna hii una kisa maarufu kutoka nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Mwaka 1973 Peru ilikuwa na kampeni ya kufuta ujinga, kama kisomo chenye manufaa tulichokuwa nacho Tanzania. Mwongozaji wa michezo kutoka Brazil, Augusto Boal, alishiriki katika kampeni hiyo.

Mwanamke mmoja alimletea shida yake. Hakujua kusoma. Mume wake alimwambia kuwa anajenga nyumba mahali pengine, akawa anamwomba fedha. Alimpa makaratasi ayatunze, akisema ni risiti. Siku moja mke alimwomba jirani amsomee. Kumbe hazikuwa risiti! Zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine.

Waigizaji wa Boal walikicheza kisa hicho mbele ya watu. Kisha wakauliza: "Mume akirudi, mke afanye nini?" Mama mmoja mnene akasema: "Aseme naye wazi kabisa, halafu amsamehe." Waigizaji wakajaribu. Mama yule hakuridhika. Wakajaribu tena. Akazidi kukasirika. Mwishoni Boal akamwambia, "Njoo utuonyeshe wewe mwenyewe." Mama akaingia, akashika fagio, akampiga mwigizaji kwelikweli. Kisha akamsamehe na kumtuma jikoni amletee chakula.

Kumbe "kusema wazi" kwake kulimaanisha fagio! Tangu siku ile Boal aliwakaribisha watazamaji kuingia wenyewe mchezoni. Alitambua kuwa mwigizaji hawezi kumsemea mtu kila kitu.

Lakini ndugu msomaji, fagio la mchezoni si ruhusa ya fagio nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuwa hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

WALIMU WAWILI WA KITANZANIA

Hapa Tanzania kazi ya namna hii ilifanywa na walimu wawili wanawake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wote wawili ni watunzi wa michezo ya kuigiza. Mwaka 1982 na 1983 walikuwa miongoni mwa walimu waliofanya kazi hiyo katika kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza. Hawakuja na mchezo uliokwisha kutungwa. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao. Moja lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Vijana wakalichezea, na wazee wakalijadili.

Mwaka 1996 walimu hao wawili walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitaja yanayowazuia kusoma, wakayaigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wakajadili la kufanya. Mpango huo umefika nchi nyingine za Afrika.

MKITAKA KUANZA

Wanawake wawili wanatosha. Hakuna haja ya jukwaa wala fedha. Fuateni mambo haya:

1. Chagueni jambo moja tu. Lisikilizeni kisimani, shambani na mashineni.

2. Kubalianeni kisa: kinaanzaje, ugomvi unaingia wapi, na mtasimama wapi. Msiandike maneno.

3. Msimtaje mtu kwa jina. Msiige kilema cha mtu. Inasemekana kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi nanyi tupeni kinyongo nje ya duara kabla ya kuingia.

4. Simamisheni mchezo wakati ugomvi umekuwa mkali. Ulizeni: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Anayetaka kujibu kwa vitendo, mpeni koti. Mwanamume naye ajifunge kanga awe mke, aone kazi yake.

5. Jibu baya msilikatae. Lichezeni mpaka mwisho, ili watu waone linakowapeleka.

BAADA YA KICHEKO

Kicheko hakijazi ghala. Kwa hiyo watu wasitawanyike mara mchezo unapokwisha. Waulizane: mahindi haya ni ya nani? Nani alipanda? Nani alipalilia? Nani alibeba kutoka shambani?

Labda mzee mmoja atasema, "Mali ni ya mwenye nyumba." Mjibuni kwa heshima. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika kupata mali ya ndoa. Kama kupika na kulea ni mchango, je, jembe?

Kisha patafutwe jambo la kufanya. Kwa mfano, mume na mke wahesabu magunia pamoja siku ya kuyaingiza ghalani. Waandike katika daftari: haya ya chakula mpaka mavuno mengine, haya ya mbegu, haya ya sare za watoto, haya ya kuuza. Wote wawili watie sahihi. Kujua kusoma na kuandika kuna faida gani, kama hatuwezi kuhesabu chakula chetu wenyewe?

Sasa swali ni lako, ndugu msomaji. Kijijini kwenu, ni jambo gani linalonong'onwa kisimani lakini halisemwi mkutanoni? Anzeni na hilo.