Majaribio Mafupi na Majaribio Marefu

Somo la leo ni juu ya majaribio ya programu za kompyuta.

Programu ni maagizo yanayoiongoza kompyuta. Ukimtumia ndugu yako pesa kwa simu, programu ndiyo inayopunguza akiba yako na kuongeza yake. Agizo moja likikosewa, pesa zaweza kupotea. Kwa hiyo mafundi huandika pia majaribio, yaani maagizo mengine ya kuyakagua yale ya kwanza. Kompyuta huyaendesha yenyewe.

Sasa sikilizeni shida yao. Programu kubwa yaweza kuwa na maelfu ya majaribio. Mengine humalizika kufumba na kufumbua. Mengine huchukua saa nzima. Yote yakiwekwa fungu moja, fundi huchoka kungoja, huacha kujaribu, na kosa huwafikia wananchi.

Mwaka 2010 kampuni ya Google ya Marekani ilieleza jinsi inavyoyagawa mafungu matatu:

Kwanza, majaribio madogo. Mwisho wake sekunde 60. Hukagua kipande kimoja tu, wala hayatumii mtandao. Kwa mfano: shilingi 500 ukitoa 200, je, programu inajibu 300?

Pili, ya kati. Mwisho wake sekunde 300, yaani dakika 5. Hukagua vipande kadhaa pamoja, lakini ndani ya kompyuta moja.

Tatu, makubwa. Haya hupewa sekunde 900, yaani dakika 15, au zaidi. Yaweza kuunganisha kompyuta nyingi.

Jaribio likipitisha muda wake, husimamishwa na kuhesabiwa kuwa limeshindwa.

Faida yake ni nini? Madogo huendeshwa mara nyingi kwa siku, kila fundi anapobadili neno. Makubwa yaweza kungoja usiku. Tena, dogo likishindwa, fundi hujua mara moja kosa liko wapi. Kubwa likishindwa, itambidi atafute.

Je, makubwa yaachwe? La! Huenda kupunguza ni sawa, na kuongeza ni sawa, lakini habari haikufika kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kosa hilo majaribio madogo hayalioni.

Maswali ya darasani:
1. Jaribio dogo lina mwisho wa sekunde ngapi?
2. Dakika 15 ni sekunde ngapi?
3. Kwa nini majaribio yasiwekwe fungu moja?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.