Kilichoyeyuka Sufuriani

Mununga, karibu na mto Kalungwishi unapoingia Ziwa Mweru, ni nchi ya muhogo. Maganda yakishaanikwa (mabichi yana sianidi) mbuzi huyatafuna, kisha hujilaza kivulini na kucheua. Kuku akiyadonoa hupata wanga tu. Zile kuta ngumu za mmea hazimfai. Mbuzi ana vijidudu tumboni vinavyozivunja, ingawa si zote. Je, ngapi?

Jibu la zamani lilitoka Weende, karibu na Göttingen, ambako wanasayansi Henneberg na Stohmann waliandaa njia yao miaka ya 1860. Chakula kilichosagwa huchemshwa nusu saa katika asidi ya salfa ya asilimia 1.25, huchujwa, kisha huchemshwa nusu saa tena katika sodiamu haidroksaidi ya kiwango hichohicho. Mabaki hukaushwa, hupimwa, huchomwa yakawa majivu. Uzito uliopotea motoni huitwa nyuzinyuzi ghafi.

Jina hilo lingali kwenye lebo za magunia ya chakula cha mifugo, nami siliamini sana. Sodiamu haidroksaidi ile huondoka na sehemu kubwa ya hemiselulosi, na lignini nayo hupungua, zote mbili zikiwa sehemu za kuta za mmea. Lignini ndiyo inayomshinda mbuzi! Kwa hiyo bua kavu laweza kuonekana laini kwenye karatasi kuliko lilivyo mdomoni.

Peter Van Soest, Mmarekani, alibadili mambo miaka ya 1960 kwa kutumia sabuni. Sabuni isiyo na asidi wala alkali huosha vilivyomo ndani ya seli na kuacha ukuta: hemiselulosi, selulosi na lignini. Ikitiwa asidi, huondoa hemiselulosi pia. Asidi ya salfa ya asilimia 72 humaliza selulosi, ikabaki lignini na majivu.

Ganda la muhogo lina ukaidi wake. Wanga wake huvimba ukawa uji, chujio likaziba, na fundi anabaki akitazama tone moja moja. Dawa yake ni amilesi inayostahimili joto, kimeng'enya kinachokata wanga kabla haujanata.

Ila kuna kosa la mapema zaidi, la horini. Mpe mbuzi matawi ya miti: atang'oa majani, aache vijiti. Ukisaga tawi zima umepima chakula ambacho hakukila. Kwa hiyo jioni masazo nayo hukusanywa, yakapimwa kando.