Fahamu: Heli ya Balangida si ya mwanzo wa ulimwengu

Utafutaji wa gesi ya heli umefika mabonde ya Eyasi na Balangida, upande wa Mbulu na Hanang. Je, heli hiyo ni masalia ya Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu? Karibu yote, hapana.

Miaka bilioni 13.8 iliyopita, ndani ya dakika chache za mwanzo, protoni na nyutroni ziliungana zikawa heli, takriban robo ya uzito wa maada ya kawaida. Lithi ilikuwa kidogo mno. Kilichobaki ni haidrojeni.

Asili ya heli ya Balangida inastaajabisha vilevile. Urani na thori katika miamba ya kale humeguka taratibu na kurusha chembe za alfa. Kila chembe ni kiini cha heli. Ikinasa elektroni mbili, imekuwa gesi. Joto la Bonde la Ufa huifungua mwambani, ikapanda pamoja na nitrojeni hadi kwenye chemchemi.