Kuongeza Kumbukumbu ya Kompyuta: Kwa Nini Vipande Vilingane?

Shule nyingi za sekondari hupata kompyuta za mezani ambazo zimekwisha kutumika kwingine. Aghalabu mashine hizo ni nzima, lakini ni nzito katika kazi: mwanafunzi hubonyeza kitufe, kisha hungoja. Dawa iliyo rahisi ni kuongeza kumbukumbu. Hata hivyo, dawa ikitolewa bila kupima huweza kuleta hasara. Kwa shule iliyo Tarakea, mpakani mwa Tanzania na Kenya katika Wilaya ya Rombo, kununua kipande kisichofaa ni kujitakia safari nyingine ya kwenda Moshi kupitia Mkuu, Mwika na Himo, na pengine kupoteza fedha za maabara zisizorudi. Makala haya yanaeleza kumbukumbu ni nini, kwa nini vipande vyake hupaswa kulingana, na mambo yapasayo kusomwa kabla ya kununua.

Kumbukumbu ni nini?

Kompyuta huweka habari mahali pawili. Diski ni ghala: habari hukaa humo hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya kazi: hushika yale tu yanayotumika wakati huo, na umeme ukikatika yote hupotea. Ndiyo sababu mwanafunzi ambaye hajahifadhi kazi yake huikosa umeme ukirudi.

Ndani ya kumbukumbu ya aina hii, kila biti huhifadhiwa kwa transista moja na kapasita moja ndogo mno. Kapasita ikiwa na chaji husomwa 1. Ikiwa tupu husomwa 0. Mpango huu ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1966, naye akapewa hataza yake mwaka 1968. Kwa kuwa chaji huvuja, saketi hulazimika kuijaza upya mara nyingi kila sekunde. Kwa kawaida kila safu hujazwa upya katika muda usiozidi milisekunde 64.

Meza ikijaa, kompyuta huhamishia baadhi ya habari ghalani, kisha huzirudisha zinapohitajiwa. Hapo ndipo uzito hutokea. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100. Kusoma kutoka kwenye diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10. Tofauti hiyo ni mara 100,000.

Mfano wa mifongo miwili

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaijua mifongo, yaani mifereji ya asili iletayo maji vihambani. Chukulia kwamba shamba moja linanyweshwa na mifongo miwili, na kwamba kanuni ni kumwaga debe moja kutoka mfongo wa kwanza na debe moja kutoka mfongo wa pili, kwa wakati mmoja. Mifongo ikiwa sawa, maji hufika maradufu. Mmoja ukiwa na maji ya polepole, wa pili hauna budi kuungoja, maana kanuni hairuhusu debe moja litangulie.

Bodi kuu ya kompyuta, ambayo mafundi huiita mazabodi, aghalabu ina njia mbili za namna hiyo kati ya kumbukumbu na kichakataji. Kila njia hupitisha biti 64, yaani baiti 8, kwa mara moja. Kipande cha DDR3 chenye kasi ya 1600 hupitisha habari mara milioni 1,600 kwa sekunde. Kwa hiyo:

1,600,000,000 × 8 = baiti 12,800,000,000 kwa sekunde.

Ndiyo maana kibandiko cha kipande hicho huandikwa PC3-12800. Vipande viwili vilivyolingana, kila kimoja katika njia yake, hutoa jumla ya baiti 25,600,000,000. Lakini gigabaiti 8 zilizo katika kipande kimoja hutumia njia moja tu. Basi vipande viwili vya gigabaiti 4 vina ukubwa uleule, bali upana wa njia ni maradufu.

Yafaa ieleweke kwamba upana kuwa maradufu hakufanyi kazi zote ziende maradufu. Katika kuandika barua au kujaza majedwali tofauti ni ndogo. Huonekana zaidi katika mashine ambazo picha zake hutengenezwa na kichakataji chenyewe, kwa kuwa picha hizo hutumia kumbukumbu ileile.

Mambo yapasayo kulingana

(a) Kizazi. Hili ni sharti lisilo na msamaha. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. Kila kizazi kina pengo lake katika ukingo wa kipande, lililowekwa makusudi ili kipande kisiingie mahali pasipo pake. Kisipoingia, kisilazimishwe.

(b) Volti ndani ya kizazi kimoja. Vipo vipande vya DDR3L vya volti 1.35. Hivi kwa kawaida huweza kufanya kazi penye volti 1.5, lakini kipande cha 1.5 hakifai katika mashine inayodai 1.35.

(c) Kasi. Kila kipande kina chipu ndogo inayohifadhi sifa zake. Mashine inapowashwa huzisoma sifa za vipande vyote, kisha huchagua kasi ambayo vyote vinaimudu. Kipande cha 1600 kikiwekwa pamoja na cha 1333, vyote huenda kwa 1333. Aliyelipia kasi zaidi hapati alicholipia.

(d) Ukubwa. Gigabaiti 4 katika njia moja na 8 katika nyingine huweza kukubaliwa na mashine nyingi. Hapo gigabaiti 4 za kila upande hutumia njia mbili, na 4 zilizobaki hutumia njia moja. Mashine hufanya kazi, ila si sawasawa wakati wote.

(e) Namna. Vipande vya kompyuta za mapajani ni vifupi, haviingii katika mashine nyingi za mezani. Kadhalika, vipande vilivyotolewa katika seva huuzwa kwa bei nafuu, navyo huweza kuingia katika nafasi bila kizuizi, lakini vile vyenye rejista havifanyi kazi katika kompyuta ya mezani ya kawaida. Mnunuzi asidanganywe na unafuu wa bei.

Kabla ya kununua

Kwanza, ithibitishwe kwamba tatizo ni kumbukumbu. Programu zinazotumika darasani zifunguliwe zote, kisha itazamwe ni sehemu gani ya kumbukumbu imejaa. Ikiwa nusu iko wazi, kuongeza hakutasaidia. Pili, itazamwe kama mfumo endeshi ni wa biti 32. Mfumo huo kwa kawaida hauwezi kutumia zaidi ya 2 kwa kipeo cha 32, yaani baiti 4,294,967,296, ambazo ni gigabaiti 4. Tatu, kisomwe kibandiko cha kipande kilichomo, na maneno yote yanakiliwe. Iliyo salama zaidi ni kununua jozi moja iliyotengenezwa pamoja. Kama sivyo, kichukuliwe kipande kilichomo kama kielelezo dukani.

Wakati wa kuweka, waya wa umeme uchomolewe kabisa. Mwekaji aguse kwanza chuma tupu cha kasha ili umemetuli wa mwilini utoke, hasa wakati wa kiangazi hewa inapokuwa kavu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, na kipande kishikwe kingoni. Nafasi za jozi hutambulishwa kwa rangi au kwa herufi A na B. Kipande kimoja kiwekwe A na kingine B, kwa kufuata kitabu cha bodi. Mwisho, mashine ipimwe kwa programu ya kujaribu kumbukumbu, kama Memtest86+, usiku kucha. Kosa hata moja ni onyo, kwani kumbukumbu mbovu huweza kubadili alama za mtihani bila mtu kujua.

Tanzania imekwisha kulipa gharama ya mashine zilizotangulia maarifa. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake kutoka nje, baada ya matumizi yake katika hesabu za Serikali kuleta hasara. Marufuku hayo yalikwisha ondolewa, lakini somo lake linafaa hata katika maabara ya shule: kifaa kisomwe kwanza, ndipo kinunuliwe.

Maswali ya kujipima

1. Kipande cha DDR4 kina kasi ya 2400. Vipande viwili katika njia mbili hupitisha baiti ngapi kwa sekunde?
2. Mashine ina kipande cha DDR3 cha 1333. Kikiongezwa cha DDR3 cha 1600, kasi itakuwa ipi, na kwa nini?
3. Eleza kwa nini kapasita za kumbukumbu hujazwa upya kila mara.