Namba ya simu si jina la mtu: Wafanyabiashara Ruvuma wawe macho

Wafanyabiashara wa korosho, ufuta na mpunga wa Mbesa, mkoani Ruvuma, siku hizi wanaweza kumlipa dereva au wakala aliyeko Songea kwa simu, bila kubeba fedha taslimu njiani. Urahisi huo una sharti moja: fedha zimfikie mhusika. Na mhusika ana majina matatu. Sokoni anaitwa Baba Asha. Kwenye mtandao wa simu ni namba. Katika kitambulisho cha Taifa ana majina kamili ambayo mteja wake pengine hajawahi kuyasikia.

Zamani kila kampuni ilitambua wateja wake tu. Aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine alipata ujumbe wenye namba maalumu, akamtafuta wakala wa kampuni ya mtumaji ndipo alipwe. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kupokeleana miamala, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wa TIPS, unaounganisha kampuni za simu na mabenki.

Kazi ya kwanza ya mfumo wa aina hiyo ni kuuliza: namba hii ni ya nani, na akaunti yake iko wapi? Tarakimu za mwanzo hazitoshi kujibu. Tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama kampuni na kubaki na namba yake, hivyo 075 si lazima iwe ya Vodacom. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kuuzwa upya. Daftari litaendelea kusema "Baba Asha" wakati mwenye namba ni mwingine.

Kinga iliyopo ni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina hilo lina uzito. Lakini halimsaidii mtumaji asiyejua jina kamili la mwenzake, na wapo wanaotumia laini za ndugu zao.

Mfanyabiashara anashauriwa kuandika daftarini, kando ya kila namba, jina lililosajiliwa, na kulihakiki upya kila msimu unapoanza. Jina likitofautiana, asitume kwanza. Apige simu aulize. Fedha ikishapokelewa na mtu mwingine, kuirudisha ni kazi.