Udugu na Urafiki wa Watoto katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Makala haya yanafafanua uhusiano kati ya muundo wa familia na urafiki wa watoto katika wilaya za Palma na Mocímboa da Praia, Msumbiji. Suala hili lina uzito wa kisera kwa kuwa mapigano yaliyozuka Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, yamezitawanya familia nyingi.

Mifumo miwili ya nasaba hukutana hapa. Wamakonde na Wamakua hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake. Kwa Wamwani, Waislamu wa pwani, sheria ya dini huupa uzito upande wa baba, ilhali ndugu wa mama hubaki karibu na mtoto. Katika Kiswahili, mama mkubwa na mama mdogo ni mama, na watoto wao ni ndugu. Kwa hiyo mtoto anayelelewa na bibi baada ya wazazi kutalikiana hahesabiwi kuwa ametupwa. Wenzake wa kwanza wa kucheza ni hao ndugu. Marafiki wa nje ya ukoo huwapata chuoni, shuleni, ufukweni na jandoni.

Uhamaji umeathiri mizunguko hii miwili kwa namna tofauti. Wengi wa waliohama walipokewa na jamaa na wenyeji, hasa mjini Pemba, badala ya kuishi kambini. Mtoto aliyepokewa na mama mdogo anaweza kubaki na ndugu zake huku akiwapoteza wenzake wa chuoni. Aliyepelekwa kambini pamoja na majirani anaweza kuwa na marafiki wa zamani, lakini akawa mbali na mjomba mwenye kauli juu yake. Wote wawili huandikwa “wahamiaji”, ingawa walichopoteza si kimoja.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unatoa msingi wa kulitazama jambo hili upya: kifungu cha 5 kinatambua wajibu wa familia pana kwa mujibu wa mila, na kifungu cha 20 kinaitaja kafala ya Kiislamu miongoni mwa njia za malezi mbadala. Inapendekezwa kwamba usajili wa kaya usiishie kuuliza kama baba na mama wapo. Uulize pia nani anamlisha mtoto, nani ana kauli juu yake, na anacheza na nani. Bila majibu hayo, mpango wa kuwarejesha watu makwao unaweza kumtenga mtoto kwa mara ya pili.